Kufuli la Bi Nakundwa

1

Bi Nakundwa Mrutu aliletwa Kituo cha Ufunguzi cha Mrindiko juu ya toroli la kubebea udongo, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, na njia nzima alikuwa akimfundisha mdogo wake Nanzia namna ya kusukuma. Nanzia alikuwa ameloa jasho. Walipofika mlangoni, Bi Nakundwa alilisoma jina lililoshonwa kwenye koti la mfunguzi wa zamu, Aikande Lyatuu, akafumba macho kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Nanzia," alisema, "geuza toroli. Ni Mchaga."

"Geukeni tu," Aikande alijibu. "Ila toroli libaki. Linafaa kubebea ndizi."

Basi ikawa furaha. Wapare na Wachaga ni watani tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo, akakuvua kofia kichwani akaondoka nayo, akakutangazia kwamba sanda yako ameshaikata na imebaki kushonwa, na wewe huna ruhusa ya kununa. Aikande alikuwa amehamishiwa Upare kutoka Machame kabla ya masika, na siku zote hizo alikuwa na njaa ya utani. Wagonjwa wengi wakiona koti jeupe huwa wapole kama wako kanisani. Huyu hakuwa mpole hata kidogo, na Aikande alimpenda papo hapo.

Mguu wenyewe, hata hivyo, haukuwa wa mzaha. Vidole vilikuwa vimepiga weusi wa zambarau, na unyayo ulikuwa wa baridi. Aikande alipitisha kisomaji juu ya goti, na picha ikatokea ukutani: mshipa mkubwa nyuma ya goti ulikuwa umeziba kwa uzee, na damu iliyovuka ilikuwa ya kuhesabika. Miaka ya zamani mwili ungejisaidia wenyewe. Nyama iliyokosa hewa ingepiga yowe, vijishipa vipya vingechipua juu ya kizuizi, vikazunguka na kuteremka chini kama mtu anayekwepa mti ulioangukia barabarani. Lakini Bi Nakundwa, kama kila mtu mzima nchini, alikuwa na kufuli.

Kufuli ni punje ndogo kuliko mchele, na kila aliyetimiza miaka kumi na mitano amepandikiziwa moja chini ya mfupa wa mtulinga. Kazi yake ni kuuzuia mwili usichipushe mishipa mipya ya damu bila idhini. Serikali haikuwa na wazimu ilipoamua hivyo. Uvimbe wa saratani ukianza huwa mdogo kama punje ya ulezi, na hauwezi kukua zaidi ya hapo mpaka uite mishipa ije kuunywesha. Kufuli linaufanya mwili uwe kiziwi kwa wito huo. Ulezi unabaki ulezi, unalala humo mpaka mwenyewe azeeke na kufa kwa jambo jingine. Tangu mama yake Aikande awe msichana, wilaya nzima haikuwa imemzika mtu wa saratani.

Gharama yake watu walishaizoea. Mtu mzima akijikata kidole tu, majirani humpelekea uji, kwa maana jeraha litamkalisha ndani mvua za masika zote. Mpira wa miguu unachezwa na watoto. Baba zao wanakaa pembeni wamevaa glavu, wakielekeza kwa midomo. Wanawake wanaotaka kuzaa huja kufunguliwa ili kondo la nyuma lipate mishipa yake, na hao ndio wateja wenye raha kuliko wote, wanakuja na nyimbo. Wengine wanaofunguliwa ni watu kama Bi Nakundwa.

Mtu hafunguliwi kabla hajakaguliwa mwili mzima. Aikande alimkagua, na alipofika kwenye ini akaiona: mbegu moja ya saratani imelala ubavuni mwa mshipa mkubwa kabisa, mahali ambapo hakuna daktari angethubutu kupeleka kisu. Alizima picha, akavuta kiti, akakaa mbele ya mgonjwa wake. Kanuni ya wafunguzi ni kwamba onyo husemwa kwa mdomo na hujibiwa kwa mdomo.

"Mtani," alisema, "una mbegu kwenye ini, na ipo mahali kisu hakifiki. Nikifungua kufuli, mguu utapata damu na utapona wote, lakini hiyo mbegu nayo inaweza kupata. Ikiamka itakuua. Njia nyingine ni kuukata mguu chini ya goti, nikuwekee wa chuma, nao ni mzuri tu."

Bi Nakundwa alimtazama. Midomo ikaanza kumcheza.

"Na sanda umeshanunua," aliuliza, "au unasubiri Mpare ajilipie mwenyewe?"

Nanzia alicheka hadi akashika ukuta. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kwa sababu Aikande naye alicheka. Alikuwa amewaona watu wengi wakiicheka hofu usoni, akadhani amekutana na mwanamke jasiri kuliko wote hao. Akajibu kwamba sanda ya Mpare haimsumbui, gunia lililobeba mahindi ya makande linatosha. Wakacheka tena wote watatu. Kisha akauliza kama kanuni inavyotaka, je, amekubali?

"Nimekubali," alisema Bi Nakundwa, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Fungua, Mchaga wewe, kabla bei haijapanda."

2

Kufungua ni kazi nyepesi. Sumaku inawekwa chini ya mtulinga, inazungushwa, kufuli linasinzia. Kazi nzito ni dawa inayopakwa mguuni baada ya hapo. Huko ilikobuniwa ilipewa jina refu lenye namba ndani, ila wauguzi wa Mrindiko waliiita Msaragambo, na jina likashika. Upareni mfereji ukitaka kuchimbwa, pembe hupigwa mlimani, na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Kazi hiyo ya wote ndiyo msaragambo. Dawa nayo ilipiga pembe mguuni, na seli za mishipa ya zamani, kwa mara ya kwanza tangu Bi Nakundwa awe msichana, zikaisikia.

Kila asubuhi alisukumwa hadi mbele ya ukuta wa picha kutazama wachimbaji wake. Seli moja hutangulia, inanyoosha vidole vyake kama inanusa, inaelekea kule kwenye kiu kubwa zaidi. Nyuma yake zinafuata nyingine, zinajigawa, zinapanga mstari na kuacha uwazi katikati. Mstari huu ukikutana na mwingine unaotoka upande wa pili, vichwa vinashikana, na damu inapita. Mara ya kwanza Bi Nakundwa alipoona damu ikipita alipiga makofi. Aliwapa wachimbaji majina ya watu wa kijijini kwao. Aliyetangulia alimwita kwa jina la marehemu mumewe, aliyekuwa mchapakazi, na waliofuata nyuma polepole akasema ni mashemeji zake, wao wanasubiri dengelua, pombe ya miwa.

Aikande alimweleza kwamba mfereji kupitisha maji haujawa mfereji bado. Kuna seli nyingine za kuja kuuzungushia ukuta, kama watu wanavyoshindilia kingo kwa mawe na majani. Kijishipa kisicho na ukuta, kufuli likirudi, hunyauka. Chenye ukuta hubaki. Kwenye kisigino, karibu na chanzo cha damu, kuta zilianza mapema. Vidoleni, mwisho wa mfereji, ndipo palipochelewa.

Asubuhi moja Bi Nakundwa alimwita Aikande kwa sauti isiyo na utani wowote. Alikuwa amekikamata kisigino chake kwa mikono miwili. Akamwambia aguse. Aikande alivua glavu akagusa, na kisigino kilikuwa na joto. Walikaa hivyo, mikono minne juu ya kisigino kimoja, na Aikande hakuona aibu kwamba machozi yalimtoka. Alikuwa mfunguzi kwa mwaka wa nane na bado jambo hilo hakulizoea.

Baada ya hapo Bi Nakundwa aliruhusiwa kulala nyumbani, aje kituoni kupakwa dawa na kurudi. Alitembea kwa gongo moja, kisha kwa gongo lililobebwa na Nanzia. Akarudi kwenye mikutano ya vikoba, akarudi kanisani, akarudi shimoni kwao walikochimba udongo wa vyungu, ingawa bado alikatazwa kuukanyaga. Mlima mzima ulifurahi na mfinyanzi wake, maana hakuna harusi ya maana kule iliyowahi kupikwa kwa sufuria za dukani.

Halafu Nanzia akaja peke yake kituoni, amembebea Aikande chungu kipya cha kupikia mtori kama zawadi. Alikunywa chai, akasifu chai, akasimulia habari za nyumbani.

"Dada anawaua watu kwa kicheko," alisema. "Kila mahali ni ule utani wako tu. Jumapili baada ya ibada alisimama akawasimulia wote. 'Mchaga wangu amenitazama usoni bila kupepesa, akaniambia nina mbegu kwenye ini!' Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Sasa watoto wakikutana naye njiani wanamwuliza, bibi, mbegu haijaota?"

Aikande alikuwa ameshika kikombe. Alikirudisha mezani: siku ile Bi Nakundwa alikuwa amecheka utani, si hofu.

3

Mkuu wa kituo, Daktari Kiondo, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Aikande hadi mwisho, akamwuliza maswali mawili tu. Je, onyo lilisemwa? Lilisemwa. Je, mgonjwa alijibu amekubali? Alijibu. Basi, alisema, kicheko hakimo kwenye kanuni. Watu hukubali mambo wakilia, wakipiga miayo, wakiwa na njaa. Huyu alikubali akicheka. Mguu unapona. Mbegu yenyewe huenda ikalala mpaka kazi iishe. Kumwambia sasa ni kumwibia usingizi wake wote uliobaki, naye anaweza kuogopa akataka kufungwa kabla ya wakati, vidole vikafa. Alimwomba Aikande afikiri kwanza ni nani atakayenufaika na ukweli huo, mgonjwa au roho ya mfunguzi.

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu halikuwa la kijinga. Aikande alirudi nalo chumbani kwake, akalizungusha. Ni kweli alitaka kutua mzigo. Ni kweli pia kwamba alikuwa amempenda Bi Nakundwa na hakutaka kuuzima uso ule. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

Lakini kila alipofika hapo aliwaona wale watoto njiani wakiuliza mbegu imeota au la, na bibi mwenye ini akicheka kuliko wote. Mlima mzima ulikuwa unaicheka siri ya mwili wa mtu, na mwenye mwili hakujua kwamba ni ya kweli. Hilo hakuweza kulala nalo.

4

Aikande aliwakuta shimoni, Bi Nakundwa na Nanzia na wanawake wengine wanne, wanakanyaga. Udongo wa vyungu haukandwi kwa mikono ukiwa mwingi hivyo; humwagiwa maji, kisha wanawake huingia ndani yake wamepandisha kanga magotini, wakashikana mabega na kuuzunguka wakiimba, nyayo zikitafuta vijiwe ili vitolewe. Bi Nakundwa alikuwa katikati. Alikuwa amekatazwa, na alikuwa anakanyaga hata hivyo, kwa mguu wa kushoto wote na kisigino cha kulia.

"Mwenye mguu amefika," alitangaza. "Ficheni pesa."

Aikande alisema ana neno. Akaambiwa aliseme. Akasema ni la faragha, wakacheka na kumwambia Mchaga hana neno la faragha lisilo la fedha. Basi akalisema palepale, kwa sauti kavu aliyoifanyia mazoezi njia nzima: ile mbegu ni ya kweli, ipo kwenye ini, aliyoambiwa siku ile hayakuwa mzaha.

Shimo zima lilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliteleza akakaa kwenye udongo. Bi Nakundwa alimtazama Aikande kwa heshima ya fundi anayemtazama fundi mwenzake, akakiri kwamba hajapata kuona mtani anayeutunza utani mmoja miezi mizima na kuurudia bila kutabasamu. Aikande akaapa. Wakacheka zaidi, kwa sababu mtani akiapa ndiyo utani umekolea. Akataja ukubwa wa mbegu na mahali ilipo. Nanzia akamwomba anyamaze, mbavu zinauma.

Aikande alisimama ukingoni akiwa amechanganyikiwa. Kila neno la kweli alilokuwa nalo lilikuwa limeshatumika kwa mzaha. Hakuwa na sauti nyingine. Akavua viatu, akaingia kwenye udongo na koti lake jeupe, akafika mbele ya Bi Nakundwa, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilikuambia jambo zito kwa mdomo wa utani, na ulipocheka nikacheka. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Kicheko cha Bi Nakundwa kilikatika katikati. Wale wengine walichelewa kidogo, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, maana mtani haombi radhi. Atakuibia jogoo na hatasema pole. Mtu akikuomba msamaha ameshatoka kwenye utani na amesimama nje, kwenye baridi, pamoja na watu wengine wote.

"Inuka," Bi Nakundwa alisema kwa sauti ndogo. "Inuka, utanitia hofu."

Aikande hakuinuka.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, mama."

Bi Nakundwa aliweka mkono ubavuni, chini ya mbavu, upande ambao siyo wa ini, na Nanzia akausogeza mkono huo hadi mahali pake bila kusema kitu. Hasira ilimpanda Bi Nakundwa polepole, na ilikuwa haki yake. Aliuliza ni mfunguzi gani anayecheka na mtu mwenye kifo tumboni. Alisema amejifanya kichekesho kanisani kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema yeye ni Mpare, angeweza kumshitaki, na asidhani amesahau njia ya mahakamani, kwao Wapare kesi hurithishwa kama shamba. Aikande aliyapokea yote. Alikuwa na hofu, lakini chini ya hofu kulikuwa na nafuu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walikuwa wanazungumza.

5

Waliitazama mbegu pamoja, wanawake watatu mbele ya ukuta, miguu yao ina udongo. Ilikuwa bado imelala. Ila kutoka kwenye mshipa mkubwa, kijishipa chembamba kilikuwa kimechipua na kunyoosha vidole, na kilikuwa kinanusa kuelekea kule. Hakikuwa kimefika.

"Huyo naye amesikia pembe," alisema Bi Nakundwa.

Aikande alisema ndiyo, pembe ikipigwa haichagui masikio. Kisha Bi Nakundwa akavuta kiti, akamtaka amweleze upya tangu mwanzo, kama vile hawajawahi kuonana, na safari hii hatacheka. Aikande akamweleza. Kufuli likirudishwa leo, kile chembamba cha kwenye ini kitanyauka na mbegu itaendelea kulala kama zilivyolala za watu wote. Lakini mguuni nako vitanyauka vile visivyo na ukuta. Kisigino na unyayo vimeshindiliwa vizuri, vitabaki. Vidole viwili vya ndani vitapona. Vitatu vya nje havijapata ukuta; hivyo vitakufa na itabidi vitolewe. Wakisubiri wiki chache zaidi mguu utakuwa mzima wote, na huyo wa kwenye ini huenda akafika, au asifike. Yeye hajui, na hakuna anayejua.

Nanzia alifungua mdomo, dada yake akamzuia kwa kidole.

"Siku ile ulisema nitapona mguu wote," alisema Bi Nakundwa. "Nani aliutaka wote?"

Aikande hakuelewa.

"Hukuniuliza. Tulikuwa tunacheka. Ungeniuliza nauhitaji mguu wa nini, ningekuambia nataka kusimama shimoni na wenzangu nikausikia udongo. Udongo nausikia kwa kisigino na hapa katikati. Vidole hivi vya pembeni nimekuwa nikivigonga kwenye mawe tangu utoto." Alivitazama vile vitatu kwa muda, na macho yalimlowa, maana hata hivyo vilikuwa vyake. "Nimesikia. Mbegu ni ya kweli, ini ni langu, vidole ni vyangu. Funga."

"Umekubali?" Aikande aliuliza.

"Nimekubali."

Hakuna aliyecheka. Aikande aliweka sumaku chini ya mtulinga, akaizungusha kinyume, na kufuli likaamka.

6

Vidole vitatu vilitolewa, na kidonda, kama vya watu wazima wote, kilichukua muda wake. Bi Nakundwa alikaa kituoni akisubiri. Kijishipa cha kwenye ini kilisinyaa kikarudi kilikotoka. Kisigino kilibaki na joto lake. Aikande alikigusa kila asubuhi, akaandaa dawa, akauliza kama mama amelala vizuri, akajibiwa amelala vizuri. Kwa adabu hiyo walikuwa kama mtu na mkwewe, na ilimuuma kuliko matusi. Alikuwa amepata msamaha au hakupata, hakujua. Hakuthubutu kuuliza.

Siku ya kuruhusiwa, Nanzia alikuja na toroli, na dada yake akalikataa. Alivaa kiatu kipana alichoshonewa, akatoka kwa miguu yake. Aikande alimsindikiza hadi shimoni akiwa amembebea mfuko, macho chini, akijibu "ndiyo mama" kwa kila kitu. Wale wanawake wanne walikuwa wameshamwaga maji. Bi Nakundwa alivua kiatu, akaingia kwenye udongo mguu mmoja, kisha wa pili. Aliuzungusha ule wa kulia taratibu, akasimama, akainama, akatoa kijiwe na kukitupa nje. Wanawake walipiga vigelegele. Aikande alisimama ukingoni na furaha ikamjaa kifuani hadi ikamuuma, na bado hakujua kama ana haki nayo.

"Wewe," Bi Nakundwa alimwita. "Ingia."

Aikande aliingia. Udongo ulikuwa wa baridi, ukamshika vifundoni.

"Uliniomba msamaha," alisema Bi Nakundwa. "Nimetafuta nyumba nzima, sina. Mtani hapewi vitu kama hivyo. Unanisikia? Mpaka lini utaniita mama mama, kama mtu anayetaka kuposa? Nitukane."

Aikande alimtazama mwanamke yule, mchafu hadi magotini, hai, anangoja, kidevu juu.

"Umebakiwa na vidole saba," alisema hatimaye, "na najua kesho utakuwa mahakamani kuvidai vile vitatu vyenye usafi zaidi."

Bi Nakundwa alimshika bega, akaanza kukanyaga.

"Na nitashinda," alisema.